Akiba Haiozi, Lakini Yaweza Kuliwa

Wahenga walisema akiba haiozi. Babu yangu mzaa baba aliiamini methali hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Kwa miaka kadhaa aliuza kahawa, akauza na ng'ombe, akazifunga noti zake kwa kamba ya mgomba na kuzificha ndani ya debe chini ya kitanda, akinuia kuiezeka nyumba yake kwa mabati. Mwezi wa Mei mwaka 1987 ikatangazwa nchini Uganda kwamba noti za zamani zinaondolewa. Babu akabeba debe lake mpaka mjini, akapanga foleni, akamkabidhi karani shilingi 300,000. Karani akahesabu, akaandika, akamrudishia shilingi 2,100.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, kwa hiyo 300,000 zikawa 3,000. Hapo hakuna aliyedhulumiwa, maana bei za bidhaa nazo zilipunguziwa sifuri mbili. Kilichofuata kilikuwa kodi ya asilimia 30 juu ya fedha zilizobadilishwa: shilingi 900 zikabaki serikalini. Mwanafunzi yeyote wa uchumi anaweza kuyaeleza hayo kwa dakika tano. Babu hakuelezwa hata kwa dakika moja. Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba karani yule, kijana wa kijiji cha pili, amemwibia. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuitikia salamu ya ukoo ule, wala hakuhudhuria msiba wao hata mmoja. Alifariki dunia akiwa na hakika hiyo hiyo. Mimi niliujua ukweli nikiwa chuo cha ualimu, katika kitabu nilichokifungua kwa kutafuta jambo jingine, na wakati huo karani naye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ndugu msomaji, nimeanza na debe la babu kwa sababu juma hili nimekuwa nikisoma habari za tamasha moja la uchumi lililozaliwa mbali sana na kijiji chetu, na kila nilipofunua ukurasa nilimwona babu ameketi safu ya mbele. Hoja ninayotaka kuitetea ni moja. Historia ya fedha ni sehemu ya elimu ya uraia, na inapaswa kusimuliwa hadharani, kwa lugha ambayo mlipaji anaielewa. Taifa lisilofanya hivyo huwaachia wananchi wake kazi ya kumtafuta mwizi gizani, na mara nyingi wao huishia kumkamata jirani.

Tamasha lenyewe huitwa Kilkenomics. Hufanyika Kilkenny, mji wa kale wenye wakazi wasiofika 30,000, kusini mashariki mwa Ireland, wenye kasri kando ya mto Nore. Lilianzishwa mwaka 2010 na David McWilliams, mchumi na mwandishi aliyekuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba bei za nyumba nchini mwake zimepanda kupita kiasi, pamoja na Richard Cook, mwandaaji wa tamasha la vichekesho la mji huo huo. Kila Novemba, kwa siku chache za mwisho wa juma, wachumi, mabenki, waandishi na wanahistoria huketi katika kumbi ndogo na kuzungumza na watu waliokata tiketi kama wanaokwenda kutazama mchezo wa kuigiza.

Jambo linalolitofautisha na makongamano tuliyoyazoea ni kwamba mchumi haachwi peke yake jukwaani. Huketishwa pamoja na mchekeshaji, na mara nyingi mchekeshaji ndiye anayeuliza maswali. Kazi yake si kuchekesha tu. Yeye ni wakili wa wasiojua. Mtaalamu akijificha nyuma ya istilahi, mchekeshaji humvuta atoke: una maana gani, nani alilipa, na kwa nini usiseme hivyo tangu mwanzo? Kicheko cha ukumbi huwa ndiyo adhabu ya mtaalamu asiyejibu. Sisi tuliolelewa kwenye malumbano na vitendawili hatuna haja ya kuelezwa nguvu ya kicheko hicho. Mzee wa kijiji anaweza kuvumilia kupingwa. Kuchekwa hadharani kwa kusema neno asilolielewa mwenyewe ni jambo gumu zaidi.

Lakini kwa nini Ireland, na kwa nini mwaka 2010? Kwa sababu tamasha lilizaliwa katika mwezi ambao taifa lile lilikuwa likizama. Ili tulielewe, tuanze na neno moja ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua: dhamana.

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua dhamana ni nini. Mjomba ameshtakiwa, mahakama inataka mdhamini, shangazi anatia sahihi. Mjomba akifika siku ya kesi, shangazi amemsaidia ndugu bila kutoa hata senti. Mjomba akitoroka, shangazi analipa kana kwamba kosa lilikuwa lake. Sahihi ni ile ile, wino ni ule ule. Tofauti inategemea tabia ya mtu mwingine. Ndiyo maana wazee hushauri kwamba kabla ya kumdhamini mtu, umjue vema kuliko anavyojijua.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008, serikali ya Ireland iliamua kutia sahihi ya namna hiyo kwa niaba ya benki zake kubwa. Ilidhamini amana na sehemu kubwa ya madeni yao, jumla ya zaidi ya euro bilioni 400, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya pato la taifa zima kwa mwaka. Serikali iliamini kwamba benki zina upungufu wa fedha taslimu tu, kama mfanyabiashara mwenye duka limejaa bidhaa lakini hana chenji. Ukweli ulikuwa mwingine. Benki zilikuwa zimekopa nje ya nchi, zikawakopesha wajenzi na wanunuzi wa ardhi. Kadiri zilivyokopesha, bei za nyumba zilipanda. Kadiri bei zilivyopanda, zikaona ni salama kukopesha zaidi. Bei zilipogeuka na kuanza kushuka, hatimaye zikafika karibu nusu ya zilivyokuwa kileleni mwaka 2007, ilidhihirika kwamba hata bidhaa za dukani hazikuwapo. Mjomba alikuwa ametoroka.

Shangazi akalipa. Kuziokoa benki hizo kuliigharimu hazina ya Ireland takriban euro bilioni 64. Ukizigawanya kwa watu milioni 4.6 wa nchi ile, ni karibu euro 14,000 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akihesabiwa. Mishahara ya watumishi wa umma ikakatwa, kodi zikaongezwa, na watu wasio na kazi wakaongezeka kutoka chini ya asilimia 5 hadi karibu asilimia 15. Vijana wengi wakafunga mizigo na kuhama, kama mababu zao walivyofanya wakati wa njaa ya viazi katika karne ya 19.

Novemba 2010 mawaziri walikuwa bado wakikanusha kwamba nchi inaomba mkopo wa kuokolewa. Asubuhi ya tarehe 18 mwezi huo, gavana wa benki kuu, Patrick Honohan, alipiga simu katika kipindi cha redio akiwa Frankfurt, akawaambia wananchi kwamba anatarajia mkopo wa makumi ya mabilioni. Siku kumi baadaye mpango wa euro bilioni 85 ukakubaliwa kati ya Ireland, Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Fikiria, ndugu msomaji: taifa zima lilisikia kwa simu ya gavana habari ambazo viongozi waliowachagua walikuwa wakizikana. Katika mwezi huo huo watu wa Kilkenny walikuwa wamejaza kumbi kusikiliza wachumi wakihojiwa na wachekeshaji. Walikwenda kwa sababu walikuwa wamechoka kuwa watu wa mwisho kujua.

Nachelea kulisifu tamasha hili kupita kiasi. Halikuzuia lolote, lilikuja nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Hata hivyo lilifanya jambo ambalo ripoti haziwezi kulifanya: liliyachukua mambo ya fedha kutoka kwa wenyewe, likayarudisha kwa wenye kuyalipia. Mtu aliyeielewa dhamana kwa kicheko jioni moja hatadanganywa nayo kirahisi mara ya pili.

Na historia ya fedha ina tabia ya kurudi mara ya pili, kisha ya tatu. Wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walipochunguza migogoro ya fedha ya karne nane, katika kitabu walichokitoa mwaka 2009, waligundua kwamba karibu kila kizazi kilijiambia jambo lile lile kabla ya kuanguka: safari hii mambo ni tofauti. Sisi tuliwajua hao hata kabla ya kusoma kitabu chao, maana methali yetu ilikwisha kusema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekopa hucheza ngoma, na ngoma humzuia kusikia.

Nitoe mfano mmoja wa visa ambavyo mtu yeyote angeweza kuvielewa kama vingesimuliwa vizuri. Mwaka 2008 mojawapo ya benki za Ireland, Anglo Irish Bank, ilitaka vitabu vyake vya hesabu vionekane vimenona siku ya kufunga mwaka. Ikatuma takriban euro bilioni 7.2 kwa taasisi nyingine, nazo zikazungushwa na kurejea zikiwa zimevaa vazi la amana za wateja. Mkuu wa zamani wa benki hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018 kwa udanganyifu huo. Kwa lugha ya wanasheria kesi hiyo ni nzito. Kwa lugha ya wafugaji wa kwetu ni nyepesi: bwana mmoja aliposikia wakwe wanakuja kukagua zizi, akawaazima majirani ng'ombe kwa siku moja. Nilipowasimulia wanafunzi hivyo, msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini wakwe hawakuja siku isiyotangazwa?" Swali hilo, na wala sisemi kwa mzaha, ndilo kiini cha kazi ya msimamizi yeyote wa mabenki.

Turudi nyumbani sasa, maana mcheza kwao hutuzwa, na anayejifunza ya wengine bila kuyatumia kwake amepoteza nauli.

Kati ya mwaka 1993 na 2016 Benki Kuu ya Uganda ilizifunga au kuzitwaa benki saba: Teefe Trust Bank, International Credit Bank, Greenland Bank, Cooperative Bank, National Bank of Commerce, Global Trust Bank na Crane Bank. Kamati ya Bunge iliyochunguza jambo hilo, na kutoa taarifa yake Februari 2019, ilibaini upungufu katika taratibu na katika utunzaji wa kumbukumbu. Wahenga walilisema hilo kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini niambie, ndugu msomaji, ni wangapi katika soko la mji wako wanaoweza kuzitaja hata tatu kati ya benki hizo saba? Cooperative Bank ilikuwa benki ya vyama vya ushirika, vyama vya wakulima wa kahawa na pamba kama babu yangu, na ilifungwa Mei 1999. Historia yake ingepaswa kujulikana vijijini kuliko historia ya wafalme wa Ulaya tunayoifundisha madarasani. Mahojiano ya kamati ile yalifanyika kwa Kiingereza. Bajeti ya taifa nayo husomwa kila Juni kwa Kiingereza. Baraza la Mawaziri liliridhia mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini fedha za umma bado hazijafundishwa kukizungumza, wala hazizungumzi Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiateso kwa kadiri inavyotakiwa.

Matunda ya ukimya huo nimeyaona katika ofisi ya walimu. Miaka michache iliyopita mwenzangu mmoja alikuja na habari za kampuni iliyokuwa ikipokea fedha kwa simu na kuahidi kuzirudisha mara mbili baada ya siku arobaini. Alikuwa amekwisha kuingiza fedha kidogo na akalipwa kweli. Sasa alitaka kuchukua mkopo unaokatwa katika mshahara ili aingize nyingi. Akanishika bega akasema, "Mwalimu, hii si kama zile za zamani. Hawa wana ofisi, wana cheti ukutani." Nilikuwa na shaka, lakini sikuwa na hoja. Nikanyamaza. Baada ya miezi miwili mlango wa ofisi ile ulikuwa na kufuli, na simu zao hazikupatikana. Mwenzangu aliendelea kukatwa mshahara kwa miaka mitatu. Mwanawe wa kwanza alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Sijasahau kwamba nilikuwa nimeketi karibu naye, nimeshika chaki, nimenyamaza.

Hoja niliyoikosa siku ile ilikuwapo tangu mwaka 1920. Huko Boston, Marekani, mtu aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Waliotangulia aliwalipa kwa fedha za waliofuata, nao wakawa mashahidi wake bila kujua. Biashara hiyo haihitaji mtu mbaya ili ianguke; hesabu yenyewe huiangusha. Chukua watu 10, kila mmoja alete wawili, na kila aliyeletwa alete wawili tena. Kufikia mzunguko wa 23, idadi ya walioingia inawazidi watu wote wa Uganda waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2024, ambao ni takriban milioni 46. Atakayeingia mzunguko wa 24 atamleta nani? Hesabu hii inafanyika ubaoni kwa dakika kumi. Ningeweza kumwandikia mwenzangu nyuma ya karatasi ya mitihani.

Asije mtu akadhani hayo ni mambo ya mifuko ya wachache. Nchini Albania michezo ya namna hii iliruhusiwa kukua mpaka madeni yake yakakaribia nusu ya pato la taifa. Ilipoporomoka mwaka 1997, wananchi waliopoteza nyumba na mifugo walivamia ghala za silaha, serikali ikaanguka, na watu wapatao 2,000 wakauawa. Hesabu isiyofundishwa darasani iliishia kulipwa kwa damu barabarani.

Kuna pingamizi tatu ambazo nimekuwa nikizisikia kila ninapozungumzia jambo hili, nami nitazijibu kwa heshima.

Wa kwanza husema kwamba fedha ni jambo zito, na kulitia vichekesho ni kulidharau. Nami nawauliza: je, ukimya umeliheshimu? Kicheko kina mipaka yake, nakiri. Mtu aliyepoteza shamba hapaswi kufanywa kichekesho, na tamasha linalomcheka mnyonge halifai. Anayepaswa kuogopa kicheko ni yule mwenye mamlaka juu ya fedha za wengine anayeshindwa kueleza alichokifanya. Katika ngonjera na majigambo ya kwetu, kicheko siku zote kimekuwa njia ya kumwambia mkubwa neno ambalo angekasirika kama angeambiwa kwa uso mkavu.

Wa pili husema kwamba tamasha la Kilkenny ni la watu wenye uwezo, maana tiketi zinauzwa na hoteli ni ghali. Hapo wana haki. Mwenye njaa ya kazi hakuketi katika kumbi zile. Ni kasoro ya kweli, na kwetu ingekuwa kubwa zaidi kama tungeliiga tamasha hilo kwa kulipeleka katika hoteli za Kampala, likaandaliwa kwa fedha za benki zile zile zinazopaswa kuhojiwa. Mgeni anayelipiwa chakula na mwenyeji hulalamika kwa sauti ndogo.

Wa tatu husema kwamba lugha zetu hazina istilahi za uchumi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo pingamizi hili linanigusa mfupa. Dhamana, rehani, riba, amana, mtaji, faida, hasara, daftari, mfilisi: maneno haya yamo katika midomo ya watu wa pwani na bara, mengine tangu enzi za misafara na majahazi. Yanayokosekana ni machache, nayo huzaliwa pale watu wanapoyahitaji. Hakuna aliyeitisha kongamano ili watu wa Afrika Mashariki wajue kutuma fedha kwa simu; haja ilikuja, na maneno yakaja nayo. Na mtaalamu asiyeweza kumweleza muuza ndizi maana ya mfumuko wa bei, huenda tatizo haliko katika lugha ya muuza ndizi.

Basi tufanye nini? Sipendekezi jambo kubwa. Kila shule ya sekondari ina ukumbi au mwembe, na kila likizo ina Jumamosi na Jumapili. Siku ya kwanza iwe ya kukumbuka. Aitwe mzee aliyebadilisha noti mwaka 1987 aeleze alichokiona. Aitwe karani mstaafu wa chama cha ushirika. Aitwe mama mtunza hazina wa kikundi cha akiba cha kijiji, anayejua zaidi ya wengi wetu kwa nini sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Wanafunzi waandike kila neno, maana wazee hao wanaondoka na vitabu vyao vifuani.

Siku ya pili iwe ya kuuliza. Aje ofisa wa benki, aje diwani, aje mtu wa halmashauri ya wilaya na makadirio ya matumizi ya mwaka. Pembeni yao waketi wanafunzi wawili wenye ulimi mwepesi, ambao kila darasa linao, wapewe filimbi. Neno lolote lisilofafanuliwa, filimbi ilie. Kila mgeni ajibu maswali matatu tu kuhusu kila mradi, kila mkopo na kila ahadi: fedha zimetoka wapi, nani amedhamini, na mambo yakiharibika nani atalipa? Kama maswali hayo matatu yangeulizwa Ireland mwaka 2007, au ofisini kwetu siku ile mwenzangu aliponishika bega, machozi mengi yangebaki machoni.

Tamasha hilo dogo lingewapa watu pia maarifa ya kutumia kesho yake. Wangapi wanajua kwamba benki yenye leseni ya Benki Kuu ya Uganda ikianguka, Mfuko wa Kulinda Amana humlipa mteja hadi shilingi milioni 10? Na wangapi wanajua kwamba kinga hiyo haiufuniki mchezo wa kuzidisha fedha kwa siku arobaini, wala haivifuniki vyama vyetu vidogo vya kuweka na kukopa vya vijijini, ambavyo kinga yao ni uaminifu wa viongozi na macho ya wanachama? Mtu mwenye kulijua hilo anaweza bado kuamua kujihatarisha, na ni haki yake. Lakini ataamua akiwa ameona.

Sitadai kwamba babu angezipata shilingi zake 900. Kodi ile ilikuwa imekwisha kuamuliwa, na pengine wapo wachumi wanaoweza kuitetea, kwa kuwa nchi ilikuwa imetoka vitani na bei zilikuwa zikipanda kila mwezi. Nadai tu kwamba alistahili kuambiwa ni nani aliyezichukua, kwa nini, na zimekwenda wapi. Raia akiambiwa hayo, anaweza kukubali, kupinga, au kusubiri siku ya kura. Asipoambiwa, hubaki na hasira isiyo na anwani, nayo hasira hiyo huangukia mlango ulio karibu.

Likizo iliyopita nilikwenda katika kijiji cha pili, kwenye boma ambalo ukoo wetu haukuwahi kulikanyaga tangu mwaka 1987. Nilimkuta mwana mkubwa wa karani, mtu mzima sasa, akianika kahawa uwanjani. Nikajitambulisha, akanyamaza kidogo, kisha akanipa kigoda. Nilichukua kijiti, nikamwandikia mavumbini: 300,000, halafu 3,000, halafu 900, halafu 2,100. Aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu.

"Kaka," akaniambia, "baba alitueleza mpaka anakufa kwamba zile fedha hakuchukua yeye. Hata sisi tulikuwa hatuna hakika."